Shati la Kuthibitisha Uhai

Kila asubuhi Pechiammal hufunga sari, hupika idli za mchele, huchomeka asmini kwenye nywele. Alipozaliwa walimwita mvulana, lakini tangu utotoni alijijua ni mwanamke. Majirani zake wa Madurai, India kusini, humwita mama.

Ila mara moja kwa mwaka alikuwa akivua sari na kuvaa shati la kiume. Siku hiyo wastaafu huenda ofisi ya pensheni kuonyesha kuwa wako hai. Naye alifanya kazi manispaa, idara ya maji, kwa jina la Pechimuthu, mwanamume. Bila pensheni hakuna kodi ya nyumba wala dawa ya sukari.

Mwaka mmoja alichoka. Alikwenda na sari yake.

Karani aliitazama picha ya mwanamume kwenye faili, akacheka. "Mama, huyu mzee yuko wapi? Mlete."

"Ndiye mimi. Pima alama ya kidole."

Mashine ilikubali kidole. Karani akakataa.

"Nenda kavae vizuri, urudi. La sivyo tunaandika amekufa."

"Amekufa? Na mimi ninayekupigia kelele ni mzimu?"

Watu wakacheka. Pechiammal alirudi nyumbani kwa hasira. Jirani yake Bhuvana, mfanyakazi wa ofisi ya msaada wa sheria, alimkuta ameshika lile shati, akasimuliwa kisa chote.

"Acha nivae tu, mwanangu. Njaa haina adabu."

"Thubutu! Miaka yote hii ulilivaa na hukuniambia?"

"Niliona aibu."

"Aibu ni yao! Mabomba ya mji mzima uliyafukua wewe. Sasa sikiliza. Sheria inakutambua. Tutaomba cheti cha utambulisho kwa mkuu wa wilaya. Kisha tutabadilisha jina na jinsia kwenye kitambulisho, benki na pensheni. Haki yako haipotei, maana aliyefanya kazi ni wewe."

"Na karani akikataa?"

"Mwambie aandike sababu na atie sahihi. Tutakata rufaa."

Haikuwa kazi ya siku moja. Walizungushwa, wakaambiwa njoo kesho, wakarudi kesho. Cheti kikatoka, wakakipeleka ofisi ya pensheni.

Karani alipotaka kukataa tena, Pechiammal alimsogezea karatasi tupu.

"Andika sababu, baba. Tia na sahihi."

Karani akairudisha karatasi. Akarekebisha jina. Pechiammal akaweka kidole, sari mwilini, asmini kichwani. Pensheni ikaingia.

Na lile shati? Analitumia kupigia deki.