Mwito wa Tatu

Kila siku ya kazi, kuanzia alfajiri, maelfu ya watu walimsikia akiongea na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Ndiyo kazi yenyewe. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya mabasi, anakaa juu ya ukumbi wa abiria ndani ya kijumba cha vioo vyeusi. Yeye anawaona walio chini, wao hawamwoni. Kila basi linaitwa mara tatu, kisha mlango unafungwa, na aliyechelewa shauri yake.

Jumatatu hiyo ukumbi ulikuwa umefurika, mabegi hadi milangoni. Alishuka kununua chai, na sketi yake ya sare ya bluu na sweta la kijivu lililochoka viwiko, akakuta njia imezibwa na mgongo wa mtu.

"Samahani kaka, naomba kupita."

Mgongo ukageuka. Uso wenyewe ulikuwa juu huko, karibu na taa.

"Hebu rudia," uso ukasema.

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema sasa hivi."

"Nimesema naomba kupita. Una masikio, au Mungu alikupa urefu tu?"

Yule kijana akacheka mpaka watu wakageuka. "Ni wewe! Wewe ndiye unayetufukuza hapa kutwa nzima! Mimi nilidhani ni mashine."

"Mashine hainywi chai."

"Basi hii nitakununulia mimi."

Alivaa suti ya michezo ya kijani, suruali imegota juu ya vifundo kwa sababu kiwanda hakikuwahi kumfikiria mtu kama yeye. Wasichana wawili walikuwa tayari wanampiga picha. Kumbe huyo ndiye Ngazi, nyota wa timu ya mpira wa kikapu ya mji ule, namba saba, na mji mzima ulimjua isipokuwa mtangazaji wetu, ambaye michezo aliisikia kwa majirani tu.

"Basi lako la saa ngapi?" alimuuliza walipokuwa wanakunywa.

"Limeshaondoka. Umeliita mara tatu, nami nikasema siendi popote mpaka nimjue mwenye sauti."

"Muongo wewe!"

Akamtolea tikiti. Basi lilikuwa limeondoka saa nzima iliyopita.

Tangu siku hiyo Ngazi akambandika jina la Mheshimiwa Spika. Alikuwa anampigia simu kutoka mazoezini, pumzi zikimwendesha mbio.

"Mheshimiwa Spika, naomba nafasi nichangie."

"Changia, mheshimiwa, ila kwa ufupi."

"Nakupenda."

"Muda wako umekwisha. Kaa chini."

Akacheka yeye, akacheka na yule wa upande wa pili, na simu ikakatwa kabla mtangazaji hajalazimika kujibu. Alikuwa fundi wa kukwepa hivyo. Nyumbani aliishi na mama yake mdogo, mshonaji, katika vyumba viwili vyenye harufu ya pasi ya moto. Mama mdogo alipomwona Ngazi mara ya kwanza akiinama kupita mlangoni, alishika kiuno. "Haya! Huyu tutampatia wapi shuka la kumfika miguuni?" Lakini siku ya pili yake akapanda kwenye stuli, akalipandisha pazia la mlango lisimkwaruze mgeni usoni.

Haukupita muda, mtangazaji wa uwanjani akaacha kazi, na Ngazi akamtaja mpenzi wake kwa meneja wa timu. Meneja alikuwa mtu mfupi mwenye haraka. Alimpa kipaza sauti na sharti moja.

"Wageni unawasoma, namba na jina, basi. Wenyeji unawaita. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Jumamosi ya kwanza aliwasoma wageni kama anayesoma bei za sabuni. Kisha wakaja wenyeji, na ilipofika zamu ya mwisho akavuta pumzi: "Nambaaa saba! Ngaaaazi!" Watu elfu tatu wakasimama. Naye kule mezani, amevaa gauni jekundu aliloshonewa na mama mdogo, alihisi machozi yakimlenga na hakujua yametoka wapi.

"Mbona kule unaniita kama unanitaka," Ngazi alimtania walipokuwa wanarudi, "halafu huku unaniita 'wewe'?"

"Kule nalipwa."

Lilikuwa jibu la utani, ila halikuwa la kweli. Alipokuwa na miaka minane alimwona mama yake akimwita baba mlangoni, akimwita njiani, akimwita mpaka mwisho wa mtaa, na baba hakugeuza hata shingo. Tangu siku hiyo alijiapiza kwamba hatamwita mtu anayeondoka. Mabasi aliyaita kwa sababu mabasi hayana moyo wa kukukatalia.

Mwezi wa sita ukaingia, na mkataba wa Ngazi ukawa ukingoni. Angekuwa mchezaji huru, wa kwenda timu yoyote anayoitaka. Redio hazikuwa na habari nyingine. Atabaki? Ataondoka? Vinyozi walibishana mpaka wakawaharibia watu nywele. Jioni moja Ngazi alikaa kwenye kiti cha mama mdogo, magoti yamemfika kifuani, akizungusha kikombe mikononi.

"Timu tatu zinanitaka. Na hii yetu inataka nibaki. Nimeomba wiki mbili za kufikiri. Wewe unasemaje?"

"Redio zimeshasema yote. Mimi niongeze nini?"

"Sikuiuliza redio."

Moyo wake wote ulikuwa unasema baki. Ulisema kwa nguvu hata akaogopa utasikika.

"Miguu ni yako, kazi ni yako," alijibu. "Mimi nani nikushikilie?"

"Wewe nani," Ngazi akarudia polepole, akakiweka kikombe chini. Chai hakuimaliza.

Siku tatu baadaye meneja alimwita ofisini akarekodi utambulisho wa wachezaji wa msimu mpya. Alimpa karatasi. Namba nne, namba tano, namba sita, namba nane. Akairudia kwa kidole. Kutoka sita karatasi iliruka ikaenda nane. Meneja alikuwa anaongea na simu mbili, na mtangazaji hakumuuliza kitu. Alisoma karatasi yote bila kukosea hata herufi, akatoka. Kwa hiyo ameshaamua, alijiambia. Ameiambia timu, ameuambia uwanja, mimi nimebaki wa kujua kwenye karatasi.

Alifika nyumbani akaitia simu kwenye droo ya vitambaa.

"Droo inalia," alisema mama mdogo kesho yake.

"Iache ilie."

"Mwanangu, huyo mtu ana mdomo. Si umuulize?"

"Nimuulize nini, mama? Karatasi nimeisoma mwenyewe."

Droo ililia siku nne. Siku ya tano ikanyamaza, na kimya hicho kilimuuma kuliko mlio.

Ijumaa asubuhi, akiwa kazini, alimwona. Huwezi kumkosa mtu wa urefu ule. Ngazi aliingia ukumbini na begi moja kubwa, shati jeupe limepigwa pasi, tikiti mkononi, akakaa kwenye benchi lililo chini kabisa ya kijumba cha vioo. Hakukaa kama mtu anayesafiri. Alikaa kama mtu anayengoja matokeo hospitalini.

Mtangazaji akatazama saa. Basi la saa nne. Akawasha kipaza sauti.

"Abiria wa basi la saa nne, mlango namba mbili. Huu ni mwito wa kwanza."

Ngazi aliinua uso. Aliona vioo vyeusi tu.

Kanuni za stesheni zilikuwa zimebandikwa ukutani mbele yake, na ya sita iliruhusu kumwita abiria yeyote aje chumba cha matangazo: ameangusha kitambulisho, anatafutwa na ndugu, lolote lile. Aliisoma. Ilikuwa sentensi moja tu, na aliitamka kwa watu baki mara kumi kwa siku.

"Huu ni mwito wa pili."

Watu wakaanza kusogea. Ngazi hakusogea. Dereva aliwasha injini, mwanamke mmoja akapita mbio na mtoto mgongoni. Mtangazaji akaacha kipaza sauti wazi, na kwa muda ukumbi wote ukasikia mtu anapumua. Ngazi alisimama. Alisimama wima, kichwa juu.

"Huu," alisema mtangazaji, na sauti yake ilikuwa nzuri, shwari, ya kazini kabisa, "ni mwito wa tatu na wa mwisho."

Ngazi akaokota begi lake, akainama mlangoni mwa basi, akaenda zake.

Wiki iliyofuata magazeti yalisema amesaini mwaka mmoja na timu ya mji wa mbali. Meneja aligongana na mtangazaji kwenye korido ya uwanja, akamvalia uso wa msiba.

"Tumempoteza kijana wetu."

"Si mlijua mapema? Hata kwenye karatasi hamkumwandika."

"Karatasi ipi? Ile ya kurekodi? Dada, pale wanaandikwa waliokwisha kusaini tu. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka. Ngazi alikuwa bado. Nafasi yake niliishikilia mpaka Ijumaa ile. Aliniambia anasubiri jibu la mtu mmoja, akiambiwa abaki atabaki."

Mtangazaji alirudi nyumbani akaitoa simu drooni. Usiku, mchana, wiki nzima aliandika ujumbe akaufuta. Angesema nini? Kwamba alisoma orodha akaiamini kuliko mtu? Saini ilishawekwa, na aibu ilishakaa. Mama mdogo aliuliza siku moja, kwa sauti ya chini, kama ashushe pazia la mlango.

"Liache," alijibu.

Pazia likawa linaning'inia vile vile, nusu mlango, upepo ukiingia chini, na hakuna mtu wa kuinama. Akarudi kwenye maisha ya zamani, ila mara hii aliujua upweke kwa jina lake. Alikunywa chai ya stesheni amesimama. Mgongo mrefu ukipita ukumbini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, timu ya Ngazi ilikuja kucheza. Uwanja ulijaa saa mbili kabla ya mechi, na watu hawakuja kupiga makofi. Walikuja na mabango ya msaliti. Mtangazaji alivaa gauni lile jekundu. Mama mdogo alilipiga pasi bila kuuliza swali.

Akawasha kipaza sauti, akaanza kuwasoma wageni. Namba nne. Namba tano. Namba sita. Zomea zomea ilishaanza kupanda kutoka majukwaa ya nyuma. Mlangoni alimwona amesimama, jezi nyeupe isiyomzoea mwilini, anaangalia viatu vyake.

Kuna kanuni ya uwanja, na mtangazaji aliijua. Akavuta pumzi.

"Nambaaa saba! Ngaaaazi!"

Alimwita. Alimwita mpaka pumzi ikamwishia, hata kile kipaza sauti kikakoroma. Watu elfu tatu wakanyamaza midomo wazi, wakisahau kuzomea. Ngazi aliinua kichwa, akatazama mezani, na safari hii hakukuwa na kioo.

Timu ya wenyeji ilifungwa kwa vikapu vinne. Meneja alimfuata akiwa amebadilika rangi. "Umeniaibisha mbele ya mji mzima! Kipaza sauti weka hapo. Rudi stesheni kwako."

Akakiweka, akatoka nje. Basi la wageni lilikuwa linaunguruma karibu na lango. Ngazi alikuwa wa mwisho, anachechemea, barafu imefungwa gotini.

"Mheshimiwa Spika," alisema, bila kucheka.

"Siku ile nilikuona," alisema mtangazaji. "Benchini."

"Nilijua uko juu. Nilingoja uniite hata kwa uongo. Hata useme nimeangusha kitambulisho."

"Niliona karatasi ya wachezaji. Hukuwemo. Nikadhani umeshaamua na hukuniambia."

"Ungeniuliza, mpenzi. Nilikupigia siku nne."

"Najua. Niliogopa kukuita halafu usigeuke." Sauti yake, bila spika, bila kioo, ilikuwa ndogo, ya mtoto wa miaka minane. "Usiende."

Ngazi alifunga macho. "Unaniambia leo? Dereva ameshawasha gari. Nina mkataba na watu."

"Najua huwezi. Nasema kwa sababu sikusema."

Dereva akapiga honi. Ngazi alimshika bega, mkono wote ukalifunika, kisha akainama, akapanda. Mlango ukafungwa. Basi likatoka langoni, likapinda, na vumbi likatua juu ya vikombe vya karatasi walivyoviacha mashabiki.

Mtangazaji akaanza kurudi nyumbani kwa miguu. Kabla ya kufika kona akatoa simu, akabonyeza namba ambayo hajawahi kuwa wa kwanza kuipiga.

"Usiende," alisema hata kabla hajaitikiwa. "Huu ni mwito wa pili."

Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa injini na watu wakiimba ushindi wao. Kisha akasikia anavuta pumzi.

"Nimeusikia," alisema Ngazi. "Wa tatu uuweke akiba. Mkataba unakwisha mwezi wa sita, na benchi lile nalijua. Nitakuja nikae pale, na tikiti sitakata."

Simu ikakatika walipoingia milimani. Mtangazaji akabaki ameishika mkononi, miezi minne mbele yake, akaenda nyumbani peke yake kulikung'uta vumbi lile pazia.