Neno Moja la Kiingereza Lilinivunjia Uchumba, Nami Nikalipiza kwa Jingine

Nina miaka ishirini na saba, sina mume, na mpaka leo jina langu likitajwa kule kwetu Mwanda wapo wanaokohoa na kutazamana. Wanajua kwamba nilichafuka. Hawamjui aliyenichafua, wala hawajui nilivyomlipa! Leo nasema yote, mnihukumu wenyewe.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa mchumba wa Mwakio. Wajomba zake walikuwa wameshaleta mtamba wa mahari kwetu, na mama alimpokea kwa vigelegele. Mwakio mwenyewe alikuwa Uingereza akisomea kilimo. Alikaa kwa wazee wawili wa kanisa, mume na mke, watu wa sala asubuhi na jioni. Ndio waliomlipia masomo, na ndio walioahidi kunialika na mimi akimaliza mwaka wa kwanza.

Wazee hao walikuwa na kompyuta. Imeili zote za Mwakio zilipitia kwao, wakazisoma kabla yake. Kwa hiyo aliniomba niwe nikiandika Kiingereza, kwa heshima, waone kwamba amechagua msichana mwenye adabu.

Kiingereza! Mimi niliyeishia kidato cha pili?

Nikamkimbilia Wawuda, rafiki yangu tuliyekalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Alikuwa amefanya kazi katika hoteli za watalii Mombasa, kisha akaajiriwa Voi kwenye ofisi ya Bi Rukia ya kupiga taipu na fotokopi. Hapo palikuwa na imeili. Mimi niliandika Kiswahili changu kwenye daftari, yeye akakigeuza Kiingereza na kukituma. Nilimwamini kama dada yangu wa tumbo moja.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika gesti moja pale Voi. Nilifurahi mno! Nikaandika kwamba napokea wageni, nawasindikiza mpaka vyumbani, na wakiondoka nawasindikiza mpaka stendi. Nyinyi mnajua desturi yetu. Mgeni ukimwacha mlangoni, hujamkaribisha.

Namkumbuka Wawuda akicheka na kusema, "Kusindikiza si ni ku-escort tu? Hata mwalimu alitufundisha hivyo." Nami nikaitikia, maana sote tunasema hivyo. Nani hapa Taita hajamwambia mwenzake kwa Kiingereza, ngoja nikuescort kidogo?

Wiki mbili zikapita bila jibu... Kisha ikaja karatasi ya imeili yenye mistari mitatu. Mwakio alisema hawezi kumwoa mwanamke anayejiuza. Alisema wazee wamelia kwa aibu.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikasoma tena na tena. Kujiuza? Mimi?

Mambo yakafuatana kama mvua ya vuli. Wajomba wa Mwakio walikuja Jumamosi, mchana kweupe, wakamfungua mtamba wao na kumteremsha mlimani majirani wote wakitazama. Mama hakutoka nje kwa mwezi mzima. Habari zikashuka mpaka Voi, na msimamizi wa gesti akaniambia nisirudi kazini, kwani hakutaka nyumba yake isemwe. Baba yangu, ambaye hajawahi kuninyooshea kidole, aliacha kuitikia salamu yangu.

Na Wawuda? Alikuja kunipa pole! Alilia kuliko mimi! Alisema wanaume wakifika Ulaya hubadilika.

Miezi minne baadaye nikasikia kwamba Mwakio amepata mchumba mwingine na kwamba mchumba huyo ameacha kazi ili ajitayarishe kwa safari. Ni nani? Wawuda.

Siku hiyo hiyo Bi Rukia aliniita. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Voi, mwenye maneno machache. Alinikalisha, akafungua faili. Kumbe kila barua iliyotumwa ofisini kwake aliiwekea nakala.

"Mwanangu," aliniambia, "nimepanga makaratasi ya yule aliyeondoka nikayaona haya. Hilo neno 'escort' kwa Wazungu siku hizi ni mwanamke wa kukodiwa. Na yeye alijua, maana Mombasa alifanya kazi mahotelini."

Hata neno hilo ningelisamehe. Lakini baada ya neno "vyumbani" palikuwa na maneno mawili ya Kiingereza ambayo kwenye daftari langu hayakuwepo kabisa: "until morning". Yaani mpaka asubuhi! Na chini yake palikuwa na barua nyingine, ya Wawuda mwenyewe kwa Mwakio, akimwambia kwamba amejaribu kunikanya nikakataa.

Bi Rukia alinipa nakala hizo, na kiti cha Wawuda pia. Alinifundisha kompyuta bure. Aliniambia, "Sasa mwandikie yule aliyekuwa mchumba wako, umweleze." Nikasema nitaandika.

Sikuandika... Nilikuwa na jambo tamu zaidi moyoni.

Kwa miezi minne, kila siku kazi ikipungua, Bi Rukia aliniruhusu dakika kumi za intaneti. Nilisoma kurasa za vijana wa Uingereza na misemo yao mipya. Humo ndimo nilimopata neno "wicked". Kwenye Biblia ya Kiingereza ni mwovu, mtu wa kwenda motoni. Lakini vijana wale walilitumia kusifu, kama vijana wetu wanavyosema kitu ni kikali. Nililiandika kwenye kiganja changu kwa kalamu, nikangoja.

Wawuda alikuja mwenyewe, viatu vipya, kichwa juu. Alitaka kuwaandikia wazee wale imeili ya kuomba mwaliko, na alitaka maneno ya kisasa, waone ameendelea. Hakujua kwamba nimeona faili. Nikamwambia lipo neno moja. Akasita, akasema, "Wee, si hiyo ni mbaya?" Nikamfungulia ukurasa, nikamwambia asome mwenyewe. Sikumdanganya hata herufi moja!

Akaandika kwamba nyumba yao ni "wicked", kanisa lao ni "wicked", na Mama mwenye nyumba ndiye "wicked" kuliko wote. Mimi nikabonyeza kutuma. Jamani, utamu wa kidole kile!

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Mwaliko hakuna. Mwakio aliwaeleza wazee kwamba ni msemo wa vijana, hawakusikia. Msichana wa kwanza alikuwa kahaba, wa pili anawaita waovu ndani ya nyumba yao? Wakamwambia atafute pa kukaa na wa kumlipia. Hakupata. Alirudi Mwanda na sanduku lake, bila cheti.

Wawuda alivamia ofisi akipiga kelele: "Umeniua! Ulijua!"

Nikamjibu taratibu, "Na wewe ulijua."

Sitawaficha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake nasikia raha, Mungu anisamehe. Kwani mama yangu aliposhindwa kutoka nje, nani alimhurumia?

Bi Rukia hakucheka. Alinilipa siku zangu, akachukua ufunguo wa ofisi. Alisema alinionyesha ukweli nijisafishe, si nimchafulie mwenzangu.

Kisha Mwakio akaja kwetu. Alikuwa amekonda. Nilichukua nakala zangu zote nikazitandaza mezani, nikamwonyesha neno la kwanza, kisha lile "mpaka asubuhi", na daftari langu la Kiswahili. Alisoma kwa muda mrefu, akafunika uso. Nilingoja aniombe msamaha, na nilikuwa nimeshatayarisha jinsi nitakavyomkatalia!

Aliniuliza jambo moja tu: "Ulikaa kwenye ile kompyuta miezi minne. Anwani yangu ulikuwa nayo. Kwa nini hukuniandikia mstari mmoja?"

Nikaanza kukusanya nakala zangu mezani, moja moja. Akaondoka.

Ndugu zangu, mkitaka kusema na mtu wenu, semeni naye kwa lugha mnayoijua, hata wazee wa Ulaya wakasirike. Msimpe rafiki mdomo wenu. Na mkishachafuliwa, msikimbilie kumwaga tope kwa mwingine kabla ya kunawa. Mimi nilikuwa na maji mbele yangu kwa miezi minne.