Namba Sita za Mama Pacha

Tangu anunue simu yenye intaneti, Mama Pacha hakutulia. Simu yake ya zamani ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwenye hii mpya, wateja walimtumia picha za mishono. Alishona mguu ukiwa kwenye cherehani, jicho kwenye simu.

Asubuhi moja wifi yake alimwandikia. Alisema ametuma namba sita kwenye simu ya Mama Pacha kwa makosa, akaomba arudishiwe upesi. Kweli, namba zilikuwa zimeingia. Mama Pacha, pini zikiwa mdomoni, akazituma bila kuwaza.

Mara programu ya ujumbe ikamtoa nje. Akajaribu kurudi, ikakataa. Akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Mteja mmoja akapiga simu.

"Dada, mbona unaniomba namba sita? Za nini?"

"Mimi? Sijakuandikia tangu juzi."

"Basi kuna mtu anaandika kwa jina lako. Na picha yako ipo."

Aliacha kitambaa chini ya sindano, akakimbilia kwa jirani yake, mwanamke anayetengeneza simu. Jirani akaweka bisibisi chini, akamsikiliza. Akamweleza kuwa aliyeandika hakuwa wifi. Ni mwizi, aliyemlaghai wifi kwanza kwa njia hiyohiyo.

"Zile namba sita ni ufunguo wa kuingilia kwenye programu yako," alisema. "Hata mama yako mzazi akiziomba, usitoe. Mpigie, usikie sauti yake."

Wakasajili upya namba yake ya simu kwenye programu. Zikaja namba sita nyingine. Safari hii Mama Pacha aliziingiza mwenyewe, na mwizi akatoka. Kisha akaweka namba ya siri ya ziada, aijuayo yeye peke yake.

Hapo ndipo alipoanza kuwapigia wateja, mmoja baada ya mwingine, hadi sauti ikakauka. Wawili walikuwa wameshatuma namba zao. Akawaelekeza kwa jirani.

Mwishowe akampigia wifi. Wifi alikiri kuwa naye alitapeliwa hivyohivyo siku mbili zilizopita.

"Mbona hukuniambia, wifi yangu?"

"Niliona aibu. Niliogopa mtanicheka."

Hasira ilikuwa imempanda Mama Pacha, lakini akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotuma namba zake.

"Hakuna wa kumcheka mwenzake hapa," alisema. "Chukua simu yako, uje sasa hivi. Nitakuonyesha."