Kipande cha Pili cha Doti

Haya nimeyasikia kwa Marselina mwenyewe, na Marselina si mtu wa kutunga.

Beda wa Kilosa alipomwoa Upendo, fungate lao lilikuwa siku mbili kwenye gesti ya Mikumi, malori yakinguruma dirishani. Akamwahidi Unguja. Upendo akafa akiingoja. Mwaka haujaisha, Beda akamwoa Marselina, shoga wa marehemu, na huyo ndiye akapelekwa Unguja.

Mchana wa siku ya kwanza umeme ulikatika. Mapazia mazito, chumba giza. Marselina alikuwa amejilaza, akisikia mtu bafuni anajimwagia maji kwa kopo, taratibu.

“Beda, bado tu?”

Maji yakanyamaza. Mlango wa nje ukafunguliwa, Beda akaingia na madafu.

“Unaongea na nani?”

Bafuni hapakuwa na mtu. Msumarini ilining'inia kanga, ikichuruzika. Marselina aliijua. Siku ya msiba aliikata doti ile kwa mkono wake: kipande kimoja akamfunika Upendo ndani ya jeneza, cha pili akabaki nacho kama kumbukumbu.

Akalifungua begi lake. Kipande chake kilikuwemo, kikavu, kama alivyokikunja.