Petali Moja Tupu

Rafiki yangu Zulhumor, hapa Bukhara, si mtu wa kuamini majini; anafundisha hesabu. Siku ya arobaini ya mama yake, aliyewadarizia maharusi wa mtaa mzima vitambaa vya ukutani, baba yake alimtuma stoo akalete kitambaa cha mwisho alichokidarizi, chenye ua lisilokamilika.

“Lile ua usilimalize. Mama yako kila kitambaa alikiacha na petali moja tupu, nyumba isije ikaishiwa na watu.”

“Baba, hata kifungo siwezi kushona.”

“Ndiyo maana nakutuma wewe.”

Gizani alisikia uzi ukivutwa taratibu, kisha ukikatwa kwa meno. Hakuhisi hofu wala huzuni, kama siku zote arobaini tangu msiba. Alikibeba kitambaa hadi mwangani.

Petali ilikuwa imejazwa. Ncha ya uzi mwekundu bado ilikuwa na mate.