Daftari la Nguzo Kumi na Saba

Hadithi hii ni ya kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Asiyeamini na amuulize mbwa, maana naye alikuwepo.

Mbwa mwenyewe aliitwa Mkaguzi. Bibi alimpa jina hilo kwa sababu hakuweza kupita mti bila kuunusa, kuuzunguka, kisha kuinua mguu na kuugongea muhuri kama ofisa anayepitisha fomu. Likizo ile, kila asubuhi saa mbili kamili, Mkaguzi alikuwa mlangoni akimsubiri Cheche.

Cheche alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa Bibi. Bibi alikuwa mlinzi wa msitu kwa miaka thelathini, na hata alipostaafu hakuacha kuukagua. Njia ya msituni ilikuwa na nguzo kumi na saba za zege, zimepakwa chokaa na kuandikwa namba. Bibi alizipitia zote kila siku, akiandika daftarini alichokiona kwenye kila nguzo: mti ulioanguka, moshi, nyayo, mitego ya waya. Mlinzi wa zamu alikuja kulisoma daftari hilo ili ajue pa kwenda na pa kuacha. Lakini mwezi ule goti la Bibi lilivimba kama boga, na daktari akamwamuru apumzike wiki mbili.

"Sasa wewe ndiye miguu yangu," Bibi alimwambia Cheche akimkabidhi daftari. "Sharti ni moja tu. Usiandike 'salama'."

"Sasa kama ni salama, Bibi, niandike nini?"

"Salama ina rangi gani? Umewahi kuiona imesimama mahali? Andika unachokiona kwa macho yako, ukiwa umesimama pale pale penye nguzo. Ukiona jani, andika jani."

"Na nikimwona Mkaguzi anakojoa?"

"Andika. Hiyo nayo ni habari."

Siku tatu za kwanza Cheche alifanya kazi sawasawa. Aligundua kwamba ukitembea msituni na mbwa, mambo ya kichwani hupungua uzito. Siku ya pili alitoka nyumbani amemkasirikia rafiki yake kwa ajili ya kamba ya kuruka. Alipofika nguzo ya tano hasira ilikuwa nusu, na alipofika ya nane alikuwa anajiuliza nani hasa alianza ugomvi. Jibu halikumpendeza, lakini alilibeba mpaka nyumbani, akaenda kuomba radhi.

Shida ilianza siku ya nne. Penye nguzo ya tisa palikuwa na jiwe bapa, zuri la kukalia. Kutoka hapo njia iliteremka bondeni, ikavuka kijito, ikapanda tena hadi nguzo ya kumi na saba karibu na barabara kuu. Mteremko ulikuwa mkali, mpando ulikuwa mkali zaidi, na wenzake walianza kuruka kamba saa nne. Cheche akakaa juu ya jiwe, akatoa karanga mfukoni, akaanza kuandika.

Kwa kuwa "salama" ilikatazwa, ilimbidi atunge. *Nguzo ya kumi: vipepeo watatu wa njano. Nguzo ya kumi na nne: kobe anavuka njia, hana haraka.*

Bibi alimpenda sana yule kobe. "Na leo umemwona?" aliuliza kesho yake.

"Nimemwona, Bibi. Leo alikuwa na mwenzake."

Mkaguzi hakuukubali utaratibu huo mpya. Alisimama njiani, akamtazama Cheche, akaitazama njia, kisha akashuka bondeni peke yake. Baada ya nusu saa alirudi amelowa tumbo, ulimi nje. Cheche akajiambia kwamba si uongo mtupu. Angalau mmoja wao alikuwa amekagua.

Siku ya nane, Mkaguzi hakurudi.

Cheche aliita mpaka sauti ikamkauka. Alikimbia nyumbani akihema, akasema tu kwamba mbwa amepotea. Bibi akampigia simu mlinzi, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, kisha akapaza sauti juu ya ua kumwita jirani. Jirani huyo alikuwa dereva wa lori mstaafu, na watoto walimwita Mzee Chumvi. Alikuwa mtu jasiri, mwenye nguvu kupita umri wake, na sura ya kupendeza.

Mlinzi alifungua daftari. "'Nguzo ya kumi na mbili: Mkaguzi anakunywa maji,'" alisoma. "'Nguzo ya kumi na saba, saa tatu na nusu: Mkaguzi amechoka, amekaa chini.' Basi alimaliza mzunguko wote. Amepotelea upande wa barabara. Twende tukaulize huko."

"Na bondeni?" aliuliza Bibi.

"Bondeni kumekaguliwa leo, Bibi, kumeandikwa. Ninachoogopa mimi ni mitego. Juzi tumeiona upande wa pili wa msitu. Mnyama akinasa, kila akivuta, waya unazidi kukaza. Lakini huku kwenu siku nane hakuna hata mmoja ulioandikwa."

Cheche alilitazama daftari mikononi mwa mlinzi. Akinyamaza, daftari litabaki safi na Bibi ataendelea kumuulizia kobe. Lakini watu wote watakwenda barabarani, na bondeni hatakwenda mtu. Aliwafuata mlinzi na Mzee Chumvi hatua ishirini hivi. Hatua ya ishirini na moja ikamshinda.

"Msiende huko!" alisema. "Mimi sikufika nguzo ya kumi na saba. Hata ya kumi sikufika. Leo ni siku ya tano nafanya hivi. Nakaa kwenye jiwe, naandika tu, na Mkaguzi anashuka bondeni peke yake."

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni ameegemea mkongojo, aliuliza polepole, "Na kobe?"

"Hakuna kobe, Bibi."

Mzee Chumvi, ambaye naye alikuwa ametunga kobe wake wengi maishani, alikohoa na kutazama viatu vyake.

"Kulia baadaye," Bibi alisema. "Wapeleke bondeni. Kimbieni!"

Wakakimbia. Chini ya bonde kijito kilikuwa kimefura, upana wake mita sita, maji yananguruma. Mzee Chumvi akaruka kama swala na kutua ng'ambo akiwa mkavu. Ng'ambo hiyo, karibu na nguzo ya kumi na mbili, Mkaguzi alikuwa amelala ubavu, mguu wa nyuma umebanwa na waya uliofungwa kwenye mzizi. Ardhi yote ya pembeni ilikuwa imefukuliwa kwa makucha. Hakubweka. Alipomwona Cheche alipiga mkia chini mara moja tu, kama mtu anayesema, "Mmechelewa."

Cheche na mlinzi nao walivuka, na Cheche akamshika kichwa. Mzee Chumvi akatoa koleo na kuukata waya kwa mkato mmoja.

Mlinzi aliupapasa mguu. "Utapona," alisema. "Angelala hapa mpaka kesho, tungekuwa tunasema mengine."

Aliangaza macho pande zote. Kabla hawajapanda aliona mitego mingine minne, mmoja umekwisha kuanza kushika kutu. Cheche aliitazama kutu ile. Ilikuwa imekaa pale siku kadhaa ikimsubiri mtu wa kuiandika.

Walimkuta Bibi kwenye nguzo ya tisa. Alikuwa amejikongoja mpaka pale, ameketi juu ya jiwe bapa, na mkononi ana maganda ya karanga.

"Umekula karanga nyingi, mwenzangu," alisema.

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

Bibi alimkagua Mkaguzi mguu, masikio na macho, kisha akamkalisha mjukuu wake ubavuni. "Nisikilize. Daftari hili si la kunifurahisha mimi. Mlinzi ni mmoja na msitu ni mkubwa, kwa hiyo anaposoma anaazima macho yako. Ukimwandikia usichokiona, umemfunga kitambaa usoni kisha ukamwambia atembee. Leo alitaka kwenda barabarani kwa sababu alikuamini. Unaona? Kosa lilikuwa lako, lakini aliyelipia ni mbwa. Uongo wa uvivu unaonekana mdogo kwa sababu anayeusema hayupo pale unapoumiza. Lakini umesema kweli wakati kweli ilikuwa inakuaibisha, na hilo ndilo lililouokoa mguu huu."

"Utaniamini tena, Bibi?"

"Sijui bado. Kesho saa mbili tutaanza kujua."

Kesho yake, saa mbili kamili, Cheche aliondoka peke yake, kwa maana Mkaguzi alikuwa na bendeji. Alipita nguzo zote kumi na saba. Kwenye ya kumi na nne aliandika: *Hakuna kobe. Nimetafuta.*

Hadithi ingeishia hapo, lakini Cheche aliomba kuisoma kwanza. Aliisoma akiwa na daftari magotini na kalamu sikioni. Alipomaliza aliinua kichwa, akamtazama mwandishi, ambaye, kusema kweli, ni Mzee Chumvi mwenyewe.

"Babu, kijito kina upana gani?"

"Mita sita. Au... tano."

"Daftari linasema hatua mbili. Linasema uliteleza ukakaa majini, tukakuvuta kwa shati. Waya aliukata mlinzi. Wewe ulikuwa unamwaga maji viatuni."

"Na ile sura ya kupendeza?" mwandishi alijitetea. "Hiyo nayo hukuiandika?"

"Mimi naandika ninachokiona, Babu."

Bibi alicheka mpaka akashika goti. Kisha akatoa hukumu: mwandishi azunguke nguzo zote kumi na saba kwa miguu yake, daftari mkononi, wiki nzima. Mwandishi alilalamika kidogo, akatafuta viatu vikavu, akaenda. Alichoandika siku ya kwanza kinasomeka hivi:

*Nguzo ya kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Kijito: hatua mbili. Nimepima mwenyewe. Nimelowa tena.*