Usukani wa Hamira

Asubuhi hiyo bekari ya kona ilifurika. Foleni ilitoka mlangoni ikapinda hadi mbele ya duka la viatu, kila mtu ana haraka yake na kila mtu anaamini haraka yake ndiyo kubwa. Binti wa kaunta alikuwa anaumwa, kwa hiyo walimtoa mkandaji wa unga jikoni wakamsimamisha mbele: mwanamke mrefu, kilemba cha buluu, aproni iliyokuwa nyeupe zamani, mikono ya mtu aliyekanda unga miaka. Wenzake walimwita Hamira, maana akiingia mahali palipopoa, watu huanza kuinuka.

Ikafika zamu ya mwanaume mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Huyo alifungua kinywa kuagiza, akasahau alichofuata. Alibaki kamkodolea macho.

"Dada," alisema mwishowe, "una unga kwenye nyusi."

"Ndio wanja wetu huku jikoni. Unataka mkate, au umekuja kunirembesha?"

Foleni ikacheka. Mama aliyekuwa nyuma yake akamwambia kama amekuja kuposa apishe pembeni, wengine wanachelewa kazini. Bwana yule alinunua mikate miwili, na anaishi peke yake. Alipogeuka kuondoka, Hamira aliona maneno mgongoni mwa shati lake, Shule ya Udereva, akamwita arudi. Alimuuliza kama wanapokea watu wanaoanza mambo na kuyaacha njiani. Bwana yule, kumbe ni mwalimu, akajibu kuwa hao ndio wengi, na kwamba nusu ya kazi yake ni kumshawishi mtu asishuke garini. Akamwachia namba ya simu, akatoka akijikwaa kwenye kizingiti.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinamwasha Hamira rohoni. Bosi wake alikuwa amenunua gari la pili la kusambazia mikate, na dereva wa zamani alikuwa anastaafu. Bosi akatangaza jikoni kwamba mfanyakazi atakayepata leseni kabla mwaka haujaisha atapewa usukani. Miaka yote Hamira alikuwa nyuma ya tanuri, anaingia kabla hakujapambazuka na anatoka amechoka hata mji hautazami. Akasema moyoni, hili ni langu.

Lakini alijijua. Alianza kushona nguo, akaacha. Akaanza kompyuta, akaacha. Ususi ndio hata hakufika kwenye kusuka. Kwao walimwita moto wa mabua, na jina hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha, kwa sababu alikuwa ameanza kuliamini. Ndiyo maana akawa anakanda unga huku anamsikiliza mhamasishaji mmoja kwenye simu, bwana wa kupayuka, kila asubuhi anamwambia aamke kwani yeye ni shujaa. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, mwanamke asiyemung'unya maneno, alimwambia, "Mwanangu, huyo anakuamsha kila siku, ina maana kila siku unalala tena. Hebu fanya kitu kimoja mpaka mwisho, hata kiwe kidogo. Kitakuamsha chenyewe."

Basi akaenda udereva. Huko akakuta yule bwana wa mikate miwili anaitwa Mwalimu Breki. Gari la mafunzo lina breki nyingine upande wa mwalimu, na mguu wake ulikuwa mwepesi ajabu. Mwanafunzi hajafikiria kukosea, gari limeshasimama. Tabia hiyo ikamwingia mwalimu mwilini. Hata kwenye gari la kaka yake alikuwa anakanyaga sakafu, mpaka kaka akamwambia akitoboa atalipa.

Siku ya kwanza Hamira alizima gari katikati ya makutano. Honi zikalia mbele na nyuma, jasho likamtoka, akashika mlango anataka kushuka. Mwalimu Breki wala hakupandisha sauti. Alimwambia honi haimpigi mtu kofi, akanyage klachi, awashe, watu wasubiri. Wakasubiri. Gari likaondoka likirukaruka, na Hamira akacheka mpaka machozi. Nadhani ni hapo alipompenda, ingawa mwenyewe atabisha.

Mwalimu yeye alishapenda tangu kwenye unga wa nyusi. Alianza kuvaa shati jipya siku za Hamira peke yake, na marashi aliyojipulizia yalimfanya mwanafunzi afungue dirisha. Jioni simu zikaanza.

"Umefika salama?"

"Nimefika. Shangazi anauliza ni mwalimu gani anapiga simu baada ya kipindi."

"Mwambie nafuatilia maendeleo ya mwanafunzi."

"Anauliza wale wengine unawafuatilia lini."

Mwalimu akacheka tu. Hamira naye akacheka, na simu haikukatwa mpaka shangazi alipokohoa kwa makusudi.

Mambo yakawa matamu, na gari nalo likatii. Hamira alirudi nyuma bila kugonga kitu, akapanda mlima bila gari kuserereka, akapita sokoni katikati ya mikokoteni kama mwenyeji. Akauliza mtihani lini. Mwalimu akasema bado kidogo, kona zake hazijatulia. Wiki zikapita, akauliza tena. Bado kidogo, mlima haujakaa sawa. Akauliza mara nyingine, akaambiwa macho yake hayaangalii kioo inavyotakiwa.

Ukweli ni kwamba kona zilikuwa zimetulia, mlima umekaa, na macho hayana kasoro hata chembe. Mwalimu Breki alikuwa anaogopa. Wanafunzi wake wote walikuwa hivyo: wanampenda, wanamletea soda, wakipata leseni wanampita barabarani wakimpungia mkono, basi. Akajiambia amweke huyu mmoja kidogo tu, mpaka apate ujasiri wa kumwambia yaliyomo moyoni. Ujasiri haukuja, na mguu ukabaki kwenye breki. Alidhani anaiba muda. Hakujua anaiba kitu kingine.

Maana Hamira alianza kunywea. Kila "bado kidogo" ilimwambia lile alilokuwa akiambiwa tangu utotoni. Mikate ikaanza kuungua mikononi mwake, mtu aliyekuwa haunguzi. Yule mhamasishaji wa kwenye simu akamzima, hakutaka tena kuitwa shujaa. Mwishowe alimfuata bosi ofisini akamwambia usukani ampe mtu mwingine, yeye ameshajijua ni mtu wa tanuri. Bosi hakufurahi. Alimwambia aende akafikiri, gari bado lipo.

Juma lile mwalimu alisafiri kumwona mama yake mgonjwa. Hamira alifika shuleni kusema anaacha, akapokelewa na mwalimu mwingine, mama wa makamo waliyemwita Bi Miwani. Mama huyo alimwambia kuacha si haramu, ila kipindi cha leo hakikwepeki, aingie garini. Hamira akaendesha kwa hasira mji mzima. Waliporudi, Bi Miwani alivua miwani akaifuta taratibu.

"Wewe hujaenda kwenye mtihani kwa nini?"

"Mwalimu wangu anasema bado."

"Bado nini? Mwanangu, wewe ulikuwa tayari zamani. Mimi mwenyewe nilishakuona ukipanda mlima, nikamwambia. Akasema anajua."

Anajua. Hamira alikaa na neno hilo ndani ya gari mpaka wenye zamu wakagonga kioo.

Mwalimu aliporudi alimkuta anamsubiri uani, hana kilemba, hana tabasamu. Hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza kama ni kweli alijua. Mwalimu akakiri, huku akiangalia viatu vyake. Akasema alikuwa anampenda, akaogopa ataondoka.

"Ungesema unanipenda," Hamira alimjibu. "Labda ningekukubali, labda ningekukataa, lakini ningebaki mzima. Wewe umeniambia siwezi. Maisha yangu yote watu wananiambia siwezi, nikaja kwako unifundishe kuweza, na wewe ukaimba wimbo uleule. Na mimi nilikuamini kuliko wote."

Akaondoka. Simu zilipigwa, hazikupokelewa. Ujumbe ukaja, mpenzi hivi, kipenzi vile, akausoma wote na kulia na hakujibu hata neno moja. Shangazi alitaka kwenda kumchamba mtu huko shuleni, ikabidi ashikwe mkono.

Lakini hasira nayo ina faida zake. Hamira alimwambia Bi Miwani ampeleke mtihani unaofuata. Siku ya mtihani alivaa gauni lake la kijani, lile la harusi za watu, akapanda mlima, akarudi nyuma, akaegesha katikati ya magari mawili huku msimamizi ameshikilia kalamu hana la kuandika. Alipoambiwa amefaulu, aliomba aambiwe tena. Kisha akakaa kwenye ngazi za jengo lile akalia hadharani bila aibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa amemaliza kitu.

Alikwenda moja kwa moja kwa bosi, amejiandaa kubembeleza. Bosi akamkabidhi ufunguo kabla hajakaa, akamwambia usukani haukuwahi kutolewa kwa mtu. Yule mwalimu wake, alisema, alikuja pale bekari siku ambayo Hamira hayupo, akasimama mbele ya wafanyakazi wote na kuwaomba wasimwambie. Alieleza kwamba huyu dada alikuwa tayari siku nyingi, na kuchelewa kwake si uzembe wake ila ni yeye mwalimu aliyemzuia, na akaomba asubiriwe. Halafu akaenda kumwambia mkuu wa shule yake vilevile. Mkuu akamwondoa kwenye kufundisha, sasa anaosha magari mpaka atakapoonewa huruma.

"Mbona hakuniambia?" Hamira aliuliza.

"Nilimuuliza hivyohivyo," bosi akasema. "Akasema hili hakuja kulitumia kukubembelezea."

Hamira hakwenda siku hiyo. Wala kesho yake. Alitaka kwanza kujua kama anamkumbuka mtu au anamhurumia tu. Akaendesha gari la mikate mji mzima, akaujua mji ukiwa na jua, wenye maduka wakaanza kumwita dereva, akaona raha na kiburi kidogo. Na katikati ya raha hiyo kila kitu kilichomchekesha alitaka kumsimulia mtu mmoja. Ndipo akajua.

Alimkuta mwalimu kwenye ua wa shule, suruali imekunjwa magotini, povu mpaka viwiko. Mwanaume wa pasi na marashi, sasa ananuka sabuni. Alipomwona alisimama na tambara mkononi, maji yanamchuruzikia miguuni, hakuthubutu kusogea.

"Nisamehe," alisema. "Sina maelezo mengine."

Hamira alimtazama sana. Kisha akamwambia habari aliyokuja nayo: bosi amempa njia mpya, ya kupeleka mikate mji wa pili. Atakuwa analala huko siku nyingine, huenda siku nyingi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini alikuwa anampima, na wote wawili walijua.

Ungeweza kuona jinsi neno la kumzuia lilivyompanda mwalimu mpaka mdomoni. Barabara ile ni mbovu. Magari makubwa ni mengi. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote angeweza kuyasema kwa mapenzi. Aliyameza.

"Nenda," akasema. "Unaweza. Barabara ile utaimudu kuliko wengi niliowafundisha. Mimi nitakukosa, hilo ni langu, nitahangaika nalo mwenyewe. Jioni nitakupigia, ukipenda kupokea unipe habari za huko."

"Na nisipopokea?"

"Nitajua unaendesha."

Hapo Hamira akacheka, kicheko chake kilekile kilichokuwa kimepotea tangu mikate ilipoanza kuungua. Akachukua tambara mkononi mwa mwalimu, akalitupa kwenye ndoo, akamfuta povu shavuni kwa upindo wa kitenge chake.

"Kesho alfajiri nasafiri, narudi Jumamosi," alimwambia. "Jumapili uje nyumbani kwa shangazi. Usije peke yako. Njoo na wazee wako, na mjiandae, maana shangazi ana maswali."